Maneno ya DJ Pweza

Jumamosi, 2 Agosti

Leo tumemaliza sehemu ya pili ya ile filamu ya Kikorea. Banda la video la Kaka Shabani linachemka kama tanuri. Feni tunaizima ili isiingie kwenye sauti. Kazi ni ileile: mimi nasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, namnong'oneza kaka la kusema, yeye analisema kwenye kipaza sauti.

Sitafsiri neno kwa neno. Ingechosha. Penye mazishi watu walikuwa wanalia tu, hakuna anayezungumza. Nikamtia mtani, yule wa ukoo wa utani anayeruhusiwa kufanya mzaha msibani. Ameshuka kaburini, hatoki mpaka apewe jogoo, na anamgombeza marehemu kwa kufa siku ya gulio. Kaka alicheka mpaka ikabidi turudie.

Mwanzoni mwa filamu kaka anajitangaza, kama madijei wote wanaotafsiri filamu. "Ni mimi, DJ Pweza! Mikono minane, mdomo mmoja!" Jina langu halimo. Sijawahi kuliombea nafasi. Darasani hata kuitika "nipo" kunanitoa jasho.

Jumanne, 5 Agosti

Amepiga simu mwalimu wa chuo kikuu, Dar es Salaam. Dokta Neema. Anafundisha tafsiri. Mwanafunzi wake mmoja wa Kivinje, hapa jirani, amemwonyesha filamu yetu. Anataka kuiweka kwenye mtandao wa chuo, wanafunzi waliosambaa mikoani waitazame wakiwa makwao, kisha awafundishe kwa ile sehemu ya mtani. Akamuuliza kaka maneno yale katunga nani.

"Mimi mwenyewe, dokta. Huwa yananijia tu."

Nilikuwa naosha sahani hapohapo. Aliniona. Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: nimemchukia kaka yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mji wetu mzima wa Masoko unajua. Vijana wa bodaboda wanamwita Profesa Pweza. "Shikamoo profesa! Mtihani lini?" Naye anaitikia marahaba, bila haya.

Anasema chuo kikimtambua atapata kazi ya sauti kwenye studio ya kweli. Anaitaka. Tangu baba afariki sijamwona akitaka kitu namna hii. Nikisema ukweli, namvua nguo mbele ya watu. Nisiposema, maneno yangu yanakwenda chuo kikuu bila mimi.

Hesabu za leo zote nimekosa.

Jumamosi, 9 Agosti

Mambo yameharibika. Dokta Neema amepiga tena, anaomba ruhusa ya mwenye filamu. Kaka alishangaa kweli, hakuwa anaigiza. "Mwenye filamu si mimi? Nimeinunua dukani, nikaitia sauti yangu, na jina langu liko mwanzoni."

Simu ilikuwa kwenye spika. Dokta hakumcheka. Alisema ukinunua kanzu hujanunua mkono wa fundi. Walioitengeneza filamu bado ndio wenyewe, na hata kuitafsiri kunahitaji ruhusa yao. Watu wa sheria wa chuo wamekataa isirushwe mtandaoni.

Kaka amefunga banda. Anaogopa watakuja kuchukua mitambo. Mama anasali na kusali.

Jumapili, 10 Agosti

Nimewaza siku nzima. Kuna mtu huko Korea aliyeandika yale mazishi. Hamjui DJ Pweza. Kaka amepaka jina lake juu ya kazi ya mtu yule, kama alivyolipaka juu ya yangu. Nikafurahi kidogo kuona ni mkosaji.

Kisha furaha ikaisha. Mimi nami nilikuwepo, nanong'ona. Na mtani yule nilimtoa wapi? Alipozikwa bibi, mtani wetu alishuka kaburini hivyohivyo, akadai jogoo. Wote tulicheka huku machozi yanatutoka. Kaburi na jogoo ni vya mtani yule. Siku ya gulio niliiongeza mimi. Sijui mpaka uko wapi.

Jumatano, 13 Agosti

Dokta ameleta shauri. Anasema, mtengeneze mazishi yenu wenyewe, kwa picha zenu, na mtani mwingine. Mkinipa ruhusa yenu nitayarusha kwa wanafunzi. Kaka akasema, kazi ndogo hiyo.

Jioni alikaa mbele ya kipaza sauti. Akakohoa. Akasema, "Ni mimi, DJ Pweza," akaishia hapo. Akageuka. "Zuhura, huyu mtani aseme nini?"

Sikumjibu. Huwa nakaa kimya kwa sababu ya aibu. Leo haikuwa aibu.

"Nimekwama, mdogo wangu."

Nikasema, "Mwambie dokta." Sauti ilitoka. Akachukua viatu vyake akaondoka. Hajala.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi kaka amemtumia dokta ujumbe wa sauti, mimi nikiwepo. Alisema maneno yote ni ya mdogo wake, Zuhura, yeye ni mdomo tu. Hakunitazama. Vijana wa bodaboda watamcheka, anajua. Nikamtengea chai.

Mama alikataa tusiigize msiba wa mtu. Kumlilia mtu asiyekufa ni uchuro. Basi tumeizika televisheni ya banda. Tuliilaza mkekani, tukaifunika kanga. Kaka akawa mtani. Nilimnong'oneza aseme haizikwi mpaka ilipe jogoo wa kila Mkorea iliyemsemesha Kiswahili bila kumuuliza. Mama alisema hacheki. Alicheka. Mkono wake uliokuwa umeshika simu ya kupigia picha ulitikisika, picha imecheza, tumeiacha hivyohivyo.

Dokta hajajibu. Banda bado limefungwa, na sijui kama litafunguliwa.

Ilibaki kutangaza jina. Kaka alinipa kipaza sauti, akaenda kuzima feni. Nikasema, "Maneno ni ya Zuhura." Haikusikika. Nikarudia. Kaka akatikisa kichwa, akaniashiria tena.

Safari hii nilisema kwa nguvu, mama akaitika kutoka jikoni, akidhani namwita.