Bough, trough na swali la mama

Jumanne, Mandewa

Na bado ulimi unagoma. Kesho mkaguzi atakaa darasani kwangu, na mwalimu wa Kiingereza ndiye mimi! Bough, tawi la mti, hutamkwa “bau”. Trough, hori la ng’ombe, hutamkwa “trof”. Yanaishia herufi zilezile, lakini kila moja na sauti yake. Inaudhi! Naogopa kuyachanganya mbele ya mgeni.

Jioni mama, aliyekuja jana kutoka Mgori, alikuwa anachambua mlenda huku akinisikiliza nikiyarudia. Mwishowe akauliza, “Mwanangu, hao wenyewe huwa wanaelewana?”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu nisikie habari za mkaguzi sijacheka hivyo.

Kesho, kabla sijaandika chochote ubaoni, nitawauliza wanafunzi swali la mama. Mkaguzi naye akitaka, anyooshe mkono.