Saa Yako Imetoka Kwenye Droo, Daktari Kaa Kwanza

Umetimia mwaka mmoja sasa tangu uinamie meza yako ya kazi na usiinuke tena, Daktari Kaa Kwanza.

Jina hilo walikupa wagonjwa. Mtu aliingia anahema, kashika ubavu, anataka kumwaga yote akiwa bado mlangoni, nawe ukamwambia, “Kaa kwanza.” Ulimtibu bibi, ukamtibu binti yake, ukampokea mjukuu kwa mikono yako. Ulijua nani anaogopa sindano na nani anajifanya haogopi.

Kabla ya kumsikiliza mtu ulivua saa, ukaiweka kwenye droo. Ulisema mgonjwa akikuona unaitazama, anameza nusu ya maneno yake. Ikawa inalala huko huko. Mumeo, fundi seremala, alikuja kukuchukua jioni akakuta bado una watu.

“Hii saa nilikununulia wewe au niliinunulia droo?”

“Droo haichelewi kurudi nyumbani,” ukamjibu, foleni nzima ikaangua kicheko.

Ulipoomba daktari wa pili, wakubwa wa kliniki waliagiza benchi la pili. Mumeo ndiye aliyelitengeneza. Siku hizi akipita pale anageuza uso. Ulipowaambia kifua kinakubana, walisema vumilia kidogo, tunalishughulikia. Mpaka leo wanalishughulikia. Siku uliyoanguka, mabenchi yote mawili yalikuwa yamejaa.

Kwenye mazishi wakubwa hao walisimama mmoja mmoja, wakasema hukuwahi kutazama saa. Mumeo alisikiliza kauma meno. Walikuwa wanakisifia kile kile kilichokuondoa.

Halafu wakaja nyumbani na habari njema: kila mwaka watamsomesha mwanafunzi mmoja wa udaktari kwa jina lako, aje kufanya kazi palepale kwako. Mumeo alifurahi, usidhani hakufurahi. Mpaka binti yako aliposoma masharti kwa sauti, maana maneno marefu humpiga chenga baba yake. Mwanafunzi ataahidi kutumika “bila kutazama saa, kama marehemu.”

“Futeni hapo,” mumeo alisema.

“Mzee, hiyo ni heshima tu.”

“Heshima mngempa alipoomba msaidizi. Futeni, au jina la mke wangu mliache hapa hapa.”

Dada yako alimvuta shati. “Shemeji, taratibu. Utamkosesha mtoto wa watu masomo.”

Na kweli mtoto alikuwepo, binti wa dobi, ameshachaguliwa, amekaa kwao anasubiri. Wakubwa hawafuti, mumeo haweki sahihi ya kuwaruhusu watumie jina lako. Chakula kilimshinda. Alijua ungemgombeza kwa ajili ya yule binti, naye angekusikiliza, kama ungekuwepo wa kugomba. Hakulegeza. Walipochoka naye wakafuta, wakaandika kwamba mwanafunzi wako akianza kazi hatawekwa peke yake, na zamu yake ikiisha atakuwepo wa kumpokea. Mumeo alitaka asomewe mara mbili. Hata wakubwa hao wakisema mvua inanyesha naye yuko nje, yeye hawaamini.

Juzi binti huyo wa dobi alikuja kutusalimu. Mumeo alipoanza kumsimulia habari zako, binti akavua saa yake polepole, akaitia mfukoni. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba ndivyo ulivyofanya.

“Ivae, mwanangu,” mumeo akamwambia. “Wasikilize watu vizuri, lakini ivae. Jioni ikifika, nenda kwenu.”

Saa yako sasa anaivaa mumeo. Mkanda haukumtosha, kauongezea kipande cha ngozi. Jioni huitazama, halafu hutazama mlango.

Unakumbukwa na mumeo, binti yako, dada yako, na wote uliowaambia wakae kwanza. Haitatokea siku ikatukuta tumekusahau.