Kasuku na Neno Lake Moja

Kaka,

Binti yangu Kasuku amefaulu! Unisamehe kutanguliza hilo kabla ya salamu, lilikuwa linanitoka kama maziwa yanayochemka. Sasa shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Goti lako linaendeleaje? Mimi sijambo, nimenenepa kwa furaha tangu jana.

Ulisema mtu mwenye akili zake hakai chuoni miaka yote hiyo akichimba neno moja la Kiingereza, tena “girl”, ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Basi jana kwenye mtihani wake mimi nilikuwepo, nimekaa nyuma na gauni langu la kijani, walimu wakambana mwanangu kwa maswali. Alieleza bila kusoma popote. Kwamba zamani huko kwa Waingereza neno hilo lilikuwa la mtoto yeyote, hata wa kiume. Hata wewe ungeitwa hivyo, Kaka. Baadaye likabaki la wa kike, kisha mabwana wakawaita hivyo watumishi wao wa kike, hata walio na wajukuu. Lilitoka wapi hasa? Akasema hakuna ajuaye kwa hakika, wanaokisia wanakisia. Wala hakubabaika. Wewe lini uliwahi kusema hujui kitu?

Mwalimu mmoja wa miwani akamuuliza kwa nini alichagua neno hilo. Akajibu kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akinisubiri mlangoni pa chumba cha kufulia mashuka, pale hotelini, akamsikia msimamizi akiniita hivyo, mimi mama mzima wa watoto wanne. Akaniuliza maana yake njia nzima, nami nikamwambia ataisoma shuleni. Nililia, Kaka, na sikujificha.

Sasa anabaki palepale chuoni, kufundisha. Kazi ameshapewa.

Najua ulishamwahidi rafiki yako, Bwana Vipuri, kwamba Kasuku akifeli ataolewa naye, na akifaulu ataolewa naye vilevile. Basi ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwake: leo asubuhi nimekwenda dukani kwake, peke yangu. Nimemwambia binti hamtaki, alishasema na hakuna aliyemsikiliza. Akacheka, akasema hayo ataongea na wewe, ni mambo ya wanaume. Nikamwambia mbele ya wateja wake, “Kaka yangu hakumzaa. Aliyemzaa ni mimi, na jibu umeshalipata.” Nikaondoka zangu. Akija kwako kulalamika, mpe maji anywe.

Sikuombi radhi. Ukitaka kukasirika, kasirika hadi Ijumaa, umalize. Msalimie wifi, mwambie aje na sauti yake yote, kuna kushangilia. Watoto nao wasiachwe nyumbani. Kasuku anavaa joho la mahafali, na kiti chako nimekishika mstari wa mbele, kando ya changu; usipokuja nitakalisha mkoba wangu. Ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi.

Dada yako akupendaye, hata ukinuna,
Mama Kasuku