Cherehani ya Bibi wa Hanoi

Dada Furaha,

Nyota yangu inawaka hadi huku Hanoi! Tuna siku mbili tu, mimi na wifi yako Neema na mabegi yetu ya mgongoni, na tayari bibi mmoja, fundi nguo wa kando ya barabara, kanipisha kwenye cherehani yake. Alinitazama mara moja akajua huyu ni fundi mkubwa wa kule kwetu Yeoville.

Mvua ilikuwa inamwagika. Tulikaa chini ya turubai lake, Neema akipewa supu ya tambi yenye majani kama bustani. Mimi nashona, bibi ananigonga kidole: rudia hapo! Neema akacheka, "Baba Junior, leo umepata mwalimu."

Tumekukumbuka sana, dada. Wasalimie wote hapo dukani kwetu kwenye ushonaji, na kitambaa chako cha hariri nakuletea.

Eish, lakini nikwambie ukweli. Bibi hakunijua mimi ni nani. Begi nililolishona mwenyewe lilipasuka barabarani katikati ya msururu wa pikipiki, nguo za ndani za Neema zikatapakaa lami nzima, bibi akatuonea huruma, akanipisha nilishone upya. Uliniambia nipige mshono mara mbili, nikakucheka mbele ya wateja. Nilikosea.

Kaka yako, Shabani