Mke Mkubwa Anataka Kiti cha Mbele

Na hilo ndilo nililotaka kumalizia siku ile simu ilipokatika, Bibi kipenzi: ndoa ni tamu! Lakini shikamoo kwanza, maana furaha imenitoa adabu. Hujambo huko? Na magoti? Uliniambia yamepona kabisa, nikamshukuru Mungu. Sisi wazima.

Mume wangu, kama ujuavyo, huwapangia mahujaji safari. Kazini wanamwita Bwana Ratiba. Sikukuu ikiwa mbali bado, yeye ameshajua ndege zipi zitajaa na nyumba zipi za wageni zitapandisha bei. Hata harusi yetu aliipenyeza katikati ya misimu miwili ya mahujaji. Asubuhi hunichania nywele huku akinisimulia viwanja vya ndege, nami hujiona malkia.

Sasa sikia. Alianza kuzungumza na simu bafuni, bomba kalifungulia. Nani huoga na simu? Nikatega sikio. Alikuwa akicheka kile kicheko nilichodhani ni changu peke yangu, akisema mke mkubwa asiwe na wasiwasi, kiti chake ni cha mbele, na mke mdogo hatajua kitu mpaka wawe angani. Bibi, mwiko ulinidondoka. Zawadi nyingine za harusi sijazifungua, tayari nina mwenza!

Nikawa mpelelezi. Nikanusa mashati, yananuka sabuni yangu mwenyewe. Nyuma ya kabati nikakuta viatu vya kike, laini, vya soli nene, vidogo kwa mguu wangu. Akasema ni vya abiria. Abiria gani hununuliwa viatu? Jirani yangu fundi cherehani akanitia ufunguo: dalili ya mvua ni mawingu, na mwanaume anayepanga ndege zote hizo hashindwi kupanga nyumba mbili.

Jana nikamvamia ofisini. Mbele ya mahujaji waliofuata pasi zao, nikamtaka anioneshe huyo mke mkubwa. Akacheka mpaka akakalia mizigo ya watu. Alipoona machozi akainuka, akaniambia mke mkubwa ni yule aliyetangaza siku ya posa, mbele ya wazee wote, kwamba yeye ndiye aliyeolewa, mimi ni nyongeza tu.

Ni wewe, Bibi! Utani wako nusura univunjie ndoa. Nisamehe, nilikuapiza wiki nzima: nilikuombea upele mgongoni, pale mkono usipofika.

Nikamkumbatia pale pale, mahujaji wakapiga makofi. Lakini furaha haikufika nyumbani. Njiani nilimuuliza siri ya nini. Akasema ulimwapisha, kisha akaanza habari za mvua. Leo asubuhi nimemsikia akimwagizia mke mkubwa kiti cha magurudumu uwanjani. Nikavikumbuka vile viatu. Bibi, mwenye magoti yaliyopona anasukumwa kwa nini? Na kwa nini nijue mkiwa angani, mahali nisipoweza kuwafuata?

Sikuzuii. Hija hiyo umeililia tangu nikiwa mgongoni kwako. Ila kama ni kusukumwa, mikono itakuwa yangu. Bwana Ratiba nimeshamwambia atafute kiti cha tatu, naye hakubisha.

Msalimie Mama, na usimwambie habari ya upele. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwako. Usikimbilie kujifunika shuka: nakuja kuyaona magoti hayo kwa macho yangu.

Ni mimi, mke mwenzio,
Nyongeza