Gemu Ulilonisomea Ngarenaro

Kaka Lomayani,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini siwezi kukusemesha bila kukuamkia, ungenikunjia uso hata huko uliko.

Sisi hapa Ngarenaro wazima. Binti yangu Nashipai yuko darasa la tano sasa, amerefuka, viatu vinamkataa kila muhula. Bibi bado yuko Oldonyo Sambu, sikio moja limeziba, ila ukimtajia ng'ombe anasikia kwa yote mawili. Kaburi lako tumelipalilia. Kibandani kwako pale ulipokuwa unatengeneza redio amekaa fundi simu, kijana mzuri tu, lakini mimi nikipita natazama upande mwingine.

Kilichonifanya nishike kalamu ni lile gemu lako la zamani, la kijana mwenye upanga na safari isiyoisha. Lile ambalo mteja alikuletea na mashine yake utengeneze, akahama mji asirudi kuichukua. Wiki iliyopita Nashipai aliitoa kwenye boksi. Nikamwambia, imekufa hiyo, rudisha. Akachomeka, ikawaka. Kaka, ikawaka na ule mlio wake, mimi nikavuta kigoda nikakaa.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Baba amenifukuza, tumbo lina miezi mitano, sitaki kusema na mtu. Hukuniuliza kitu. Ulinipa chai, ukasema, "Kaa hapa nikusomee." Basi kila jioni ukawa unanisomea maandishi ya gemu kwa Kiswahili, kwa sababu mimi niliishia la saba na Kiingereza kilinipita pembeni. Ulisoma bila kukwama. Sauti ya mzee uliifanya nzito, ya malkia ukaibania puani. Na kila kijiji tulichofika ilikuwa lazima uingie nyumba zote. Nikikuharakisha unasema, "Mtu haingii boma la watu akaanza kuulizia panga. Anaamkia kwanza." Na wazee wa mle ndani wakaitika marahaba, wakauliza mvua, wakauliza ng'ombe wetu wanaendeleaje.

Sasa Nashipai anasoma shule ya Kiingereza, ile uliyong'ang'ania wewe. Tukaingia kijiji cha kwanza, nikamwambia msikilize babu huyu anavyouliza ng'ombe. Mtoto akatazama kioo. "Mama, ng'ombe wako wapi? Anasema silaha zinauzwa duka la kushoto." Nyumba ya pili, "Huyu anasema kisima kimekauka." Nikamwambia soma vizuri. "Nimesoma vizuri!" Halafu akaanza kucheka mpaka akalala chini. "Mjomba alikuwa hajui Kiingereza! Mjomba alikuwa anakupiga fiksi, anatunga tu!"

Mimi sikucheka. Nisamehe, kwanza nilikasirika. Ile hadithi ndiyo ilinishika mkono kipindi kile nikaweza kuamka asubuhi. Kama ilikuwa ya uongo, mimi nilikuwa nimeegemea nini?

Nikakaa nayo siku mbili. Kisha nikakumbuka wateja wako walivyokuwa wananijia pale sokoni kwenye ndizi zangu: "Kaka yako mchana anafunga kibanda, anaenda wapi?" Nilikuwa sijui. Sasa najua. Ulikuwa unarudi nyumbani kuitafuta njia peke yako. Unajaribu kila mlango, unapigwa na mazimwi, unaanza upya, ili jioni uniambie kwa utulivu, "Mzee anasema tuvuke daraja la magharibi." Na kweli tukivuka tunafika. Hukunipoteza hata mara moja. Mtu asiyejua kilichoandikwa mbele yake! Waliosoma hadi chuo cha Makumira wangeweza hilo, kaka? Mimi sidhani.

Juzi tukafika pale kijana anaporudi kwao na kukuta kijiji kimeungua. Wewe ulinisomea kwamba mdogo wake wa kike amekimbilia mlimani, yuko salama. Nashipai alisoma, akarudia mstari kwa kidole. Halafu polepole, "Mama, imeandikwa amekufa."

Nikatazama vizuri. Muziki unabadilika pale, na kuna kaburi dogo lenye maua. Kaburi halihitaji Kiingereza. Wewe uliliona. Ukaliona, ukanitazama mimi na tumbo langu, ukasema lile ni jiwe la mpaka wa shamba lao. Na mimi miaka yote hii nimeamini ni jiwe la mpaka.

Hapo nililia, na si kwa hasira tena. Nimewahi kusomewa Biblia na wachungaji, nimesomewa barua na watu wa ofisini, ila hakuna aliyenisomea kama wewe.

Nashipai akaniuliza, "Kwa hiyo kwenye ya mjomba, mdogo wake hakufa?"

"Hakufa."

"Sasa yuko wapi?"

Hilo hukuniambia. Mtoto alizaliwa, mashine ikaingia kwenye boksi, na baadaye wewe ukaanza kuumwa. Basi nikatoa jibu la kwangu. Nikasema, "Yuko Ngarenaro. Anauza ndizi. Ana binti yuko darasa la tano, mbishi kama nini."

Alinitazama, kaka, alinitazama kweli. Kisha akanisogezea pedi ya kuchezea. "Basi soma wewe, mama. Mimi nitanyamaza."

Tumebakiza ngome ya mwisho, ya mfalme mbaya, ile ambayo mimi na wewe hatukuwahi kuifikia. Mazimwi yake ni makali na vidole vyangu ni vizito, tumeshashindwa mara nne. Lakini nakuahidi tutaingia. Na mlangoni, kabla ya upanga wowote, huyo mfalme mbaya ataamkiwa.

Lala salama, kaka yangu. Asante kwa kunisomea.

Mdogo wako,
Naserian