Moshi wa Mersedes ya Babu

Widad, wali umo jikoni, mpashie babu yako akirudi kutoka gereji. ~~Na mwambie kweli.~~ Usimwambie kitu!

Jana katia gesi AC ya ile Mersedes yake kuukuu, anajisifu mpaka basi. Leo tunatoka kwenda harusini mjini Ibra, kaiwasha tu, moshi tele! Karuka nje na kanzu yake mpya, "Moto! Moto!", kamimina humo birika zima la kahawa ya safari.

Kumbe nilikuwa nalifukiza gari udi, chetezo nimekisahau chini ya kiti, AC ikavuta moshi wake. Nilitaka kusema, lakini kanifokea eti wanawake hatujui magari. Basi nikamwacha aende kumgombeza fundi.

Mimi nimekwenda na shangazi yako Reem. Miwani ya babu ya kusomea ninayo mimi.

Bibi